Ziwa Saint-Point na ngome ya Joux: mahali Toussaint Louverture alifungwa mpaka kufa

Mashariki mwa Ufaransa, karibu kabisa na mpaka wa Uswisi, kuko eneo ambalo wenyeji wanaliita Haut-Doubs, yaani upande wa juu wa mto Doubs. Ni eneo la maziwa ya aina zote mbili, ya maji na ya ng'ombe. Mji wake mkubwa ni Pontarlier, na hata huo si mkubwa: wakaaji hawafiki elfu 20. Ukitoka Pontarlier kuelekea Uswisi, kilomita nne hivi, milima inabanana huku na huku, barabara inapita katikati kama kwenye mlango, na juu ya mwamba unaona ngome. Hiyo njo Château de Joux. Ukikata mkono wa kuume na kufuata bonde, unafika ziwa Saint-Point.

Ndugu zetu wengi wanaoishi Ufaransa, Ubelgiji na Uswisi hupita chini ya ile ngome wakienda Lausanne kutembelea jamaa. Wanaiona, wanapiga picha kupitia dirisha la gari, wanaendelea. Makala hii tumeiandika kwanza kwa ajili yao, na pia kwa wanafunzi wa huku kwetu ambao jina la Toussaint Louverture wamelikuta kwenye buku la historia katika mistari miwili au mitatu, basi.

Tuanze na ngome, juu ziwa litakungojea.

Ile njia kati ya milima ilikuwa tangu zamani njia ya biashara kati ya Ufaransa, Uswisi na Italia. Mwenye kushika mwamba alishika njia, na mwenye njia alitoza ushuru. Ndiyo maana tangu karne ya 11 kila mtawala aliyepita alijenga kitu pale juu. Leo kuna kuta tano zinazofuatana, kila moja na zama zake: za mabwana wa Joux, za enzi za kati, kisha za Vauban, mhandisi wa mfalme Louis XIV, aliyeiimarisha baada ya jimbo la Franche-Comté kuwa la Ufaransa mwaka 1678. Sehemu ya mwisho ni ya karne ya 19, na kati ya maofisa walioisimamia alikuwamo Joffre, kijana wakati ule, yule ambaye baadaye aliongoza jeshi la Ufaransa katika vita vya 1914. Ndani kuna kisima kilichochimbwa katika jiwe tupu, kina chake ni zaidi ya mita 100. Kiongozi wa wageni humwaga maji kidogo na watu wote wananyamaza wakisikiliza yafike chini. Watoto wanapenda sana hapo.

Lakini ngome nzuri kwa vita ni nzuri pia kwa jela. Mirabeau, yule mwanasiasa wa mapinduzi ya Ufaransa, alifungwa Joux mwaka 1775 alipokuwa bado kijana wa kuwasumbua wazazi. Mwandishi wa Kijerumani Heinrich von Kleist aliwekwa humo mwaka 1807 akidhaniwa mpelelezi. Wote wawili walitoka wazima. Yule wa kutuhusu sisi hakutoka.

Toussaint alizaliwa mtumwa, yapata mwaka 1743, kwenye shamba la Bréda huko Saint-Domingue, koloni la Ufaransa katika visiwa vya Karibi, nchi ambayo leo inaitwa Haiti. Alichunga wanyama, aliendesha gari la farasi, alijifunza kusoma, na kabla ya mapinduzi alikuwa tayari amepata uhuru wake mwenyewe. Mwezi wa Agosti 1791 watumwa wa upande wa kaskazini waliinuka na kuchoma mashamba ya miwa. Toussaint alijiunga nao, akawa kiongozi wao mkubwa wa vita, akapambana na Wafaransa, kisha na Waingereza na Wahispania. Tarehe 4 Februari 1794 bunge la Paris likafuta utumwa katika makoloni yote, naye akarudi upande wa Ufaransa. Mwaka 1801 akatoa katiba ya kisiwa iliyosema kwamba watumwa hawawezi kuwako tena katika nchi ile, na yeye mwenyewe ni gavana mpaka kufa. Hapo ndipo Napoleon Bonaparte alikasirika.

Kikosi kikubwa chini ya jenerali Leclerc kilifika mwanzoni mwa 1802. Baada ya miezi ya vita Toussaint alikubali amani akaenda kukaa shambani kwake. Tarehe 7 Juni 1802 aliitwa na jenerali mmoja wa Kifaransa, Brunet, kwa barua ya maneno matamu, eti waje wazungumze mambo ya usalama wa wilaya. Alipofika akakamatwa. Alipopandishwa melini alisema, kwa ufupi, kwamba wameangusha shina tu la mti wa uhuru wa watu weusi, lakini mizizi iko mingi na imeingia chini sana.

Wakamvusha bahari pamoja na familia yake. Bandarini Brest wakamtenga na mke na watoto, hakuwaona tena. Mwisho wa Agosti 1802 akafikishwa Joux, mbali na bahari, mbali na kila mtu ambaye angeweza kumsaidia. Mwanzoni alikuwa na mtumishi mmoja aliyemfuata kutoka kisiwani, Mars Plaisir. Baada ya muda naye wakamwondoa. Napoleon alimtuma jenerali Caffarelli kumhoji, alirudi kwake mara saba: walitaka ajibu ameficha wapi hazina. Toussaint alijibu kwa kuandika kumbukumbu ndefu akiomba ahukumiwe mbele ya mahakama. Hakuhukumiwa kamwe. Hakuna kesi, hakuna hati, hakuna siku iliyotajwa ya kutoka. Sisi wa huku tunajua vizuri jela ya namna hiyo ikoje.

Chumba chake unaingia leo kwa miguu yako. Ni chumba cha mawe chenye dari la duara, na dirisha ambalo karibu lote lilizibwa, mwanga unapita kidogo tu. Ukutani kuna mahali pa kuwashia moto. Ngome iko karibu mita 1,000 juu ya bahari, na mtu aliyekaa miaka karibu sitini kwenye joto la Karibi aliletwa pale kupitisha majira ya baridi. Kadiri baridi ilivyozidi, amri kutoka Paris zilizidi kuwa kali: wakampokonya saa yake, wembe wake na nguo zake za ujenerali, na kuni zikahesabiwa. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1803 mkuu wa ngome alimkuta amekaa kwenye kiti karibu na moto, amekufa. Madaktari walioupasua mwili waliandika ugonjwa wa mapafu na damu kichwani. Miezi tisa kasoro siku chache baadaye, tarehe 1 Januari 1804, Haiti ilitangaza uhuru wake.

Kaburi usilitafute. Alizikwa katika kanisa dogo la ngome, na kazi za ujenzi za miaka ya baadaye zililiondoa lile kanisa pamoja na mifupa iliyokuwa chini yake. Wahaiti walipotaka kumrudisha nyumbani, walichopewa ni udongo wa Joux. Huko Paris jina lake limeandikwa ndani ya Panthéon tangu 1998, lakini ni maandishi ukutani tu.

Watu wa Kongo katika ile hadithi

Mtu anaweza kuuliza: Toussaint ana uhusiano gani na sisi? Yeye mwenyewe si wa Kongo. Masimulizi ya familia yake yanasema baba alitoka Allada, katika nchi ambayo leo ni Benin. Lakini wale waliomfuata, mingi yao ilikuwa watu wa huku. Mwaka 1791 Saint-Domingue ilikuwa na watumwa karibu nusu milioni, na wengi walizaliwa Afrika. Kati ya hao waliovushwa katika miaka ya mwisho, kundi kubwa kuliko yote ni lile ambalo wafanyabiashara waliliita «Congo»: watu waliouzwa kwenye pwani ya Loango na ya Angola, wengine wakiwa askari waliotekwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya ufalme wa Kongo. Walikuwa wanajua bunduki na mbinu za vita kabla ya kupanda meli. Kuna wataalamu wa historia wanaosema ndiyo sababu mojawapo ya waasi kupigana vizuri vile tangu mwanzo.

Mmoja wa viongozi wao aliitwa Macaya. Mwaka 1793 wajumbe wa Ufaransa walipomwomba awe upande wao, alijibu kwamba yeye ni raia wa wafalme watatu, na wa kwanza aliyemtaja ni mfalme wa Kongo, bwana wa watu weusi wote. Kwa hiyo ukisimama mbele ya kile chumba cha Joux, kumbuka kwamba vita vilivyompeleka yule mzee pale vilipiganwa pia kwa mikono ya watu waliotoka kandokando ya mto wetu. Kwenye mabuku yetu ya shule hilo haliandikwi kwa herufi kubwa.

Anayetaka kufuata mambo haya zaidi aende na Champagney, kijiji cha Haute-Saône, upande wa kaskazini wa jimbo lilelile. Tarehe 19 Machi 1789, wakati kila kijiji cha Ufaransa kilikuwa kinaandika malalamiko yake kwa mfalme, wakulima wa Champagney waliongeza kifungu cha 29 wakiomba biashara ya watu weusi ikomeshwe. Walikuwa maskini, hawajawahi kuona koloni. Inasimuliwa kwamba mchoro wa mamajusi kanisani kwao, mmoja akiwa mweusi, ndio uliwafanya waulize maswali. Leo kuna nyumba ya makumbusho pale, Maison de la Négritude, iliyoanzishwa 1971, na Senghor alikubali kuwa mlezi wake. Joux na Champagney ziko kwenye njia moja ya kumbukumbu ya kufutwa kwa utumwa. Kila tarehe 10 Mei, siku ambayo Ufaransa imeiweka kitaifa tangu 2006 kukumbuka utumwa, mahali kama hapa hupata wageni kuliko siku za kawaida.

Sasa ziwa

Baada ya ngome watu wanahitaji hewa. Saint-Point ni ziwa refu na jembamba, zaidi ya kilomita sita kwa urefu, na mto Doubs unaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili. Mtu wa Goma ama Bukavu atacheka: kwake hilo ni bwawa. Lakini kwa Ufaransa, nje ya yale maziwa makubwa ya Alpes, ni kati ya maziwa makubwa yasiyochimbwa na mkono wa mtu. Liko mita 850 hivi juu ya bahari. Kiangazi watu wanaogelea, wanakodi mitumbwi na mashua za tanga, hasa upande wa Malbuisson. Majira ya baridi, ikishika vizuri, maji yote yanaganda na watu wanatembea juu yake kwa viatu vya chuma. Usijaribu bila kuuliza wenyeji. Kila mwaka kuna sehemu ambazo barafu yake ni nyembamba, hasa pale mto unapopita.

Wazee wa pale husimulia kwamba chini ya ziwa kuna mji uliozama, Damvauthier, kwa sababu wakaaji wake walimfukuza mama mwenye mtoto aliyeomba mahali pa kulala. Hadithi ya namna hiyo iko na sisi pia kandokando ya maziwa yetu, na inafundisha jambo lilelile.

Karibu na Malbuisson kuna chemchemi inayoitwa Source Bleue, maji ya buluu kweli, na upande wa barabara ya Uswisi kuna nyingine, Fontaine Ronde, ambayo maji yake hupanda na kushuka yenyewe kila baada ya dakika chache kama mtu anayepumua. Sababu ni mawe ya chokaa: ardhi yote ya Jura imejaa mashimo na mifereji ya chini ambayo maji hupita bila kuonekana.

Kuhusu hiyo mifereji kuna kisa ambacho hata wasiokunywa pombe wanakipenda. Pontarlier ilikuwa mji mkuu wa absinthe, ile pombe kali ya kijani. Tarehe 11 Agosti 1901 radi ilipiga kiwanda cha Pernod, moto ukawaka, na ili mapipa yasilipuke absinthe ikamwagwa nyingi sana katika mto Doubs. Siku mbili hivi baadaye, watu wa bonde lingine kabisa, penye chanzo cha mto Loue, wakasikia maji yananuka absinthe. Hivyo ikajulikana kwamba Loue unalishwa na Doubs kwa chini ya ardhi, na mwaka 1910 mtafiti Martel alithibitisha kwa kumwaga rangi majini. Absinthe yenyewe ilipigwa marufuku 1915 na ikaruhusiwa tena karne hii. Chanzo cha Loue, mto mzima unaotoka ghafla ndani ya pango kubwa, ni mwendo mfupi kwa gari kutoka Pontarlier na hakuna kulipa kukitazama.

Upande wa kusini wa Saint-Point kuna ziwa dogo la Remoray, ambalo leta imelihifadhi pamoja na ndege wake tangu 1980. Kule hakuna makelele wala mashua, na nyumba ya hifadhi iko Labergement-Sainte-Marie. Wapenda ndege wataona ni pahali pazuri kuliko Saint-Point yenyewe, na mimi naona hivyo pia.

Kisha kuna mlima Mont d'Or, juu ya Métabief. Kilele chake ni mita 1,463. Maji ya ziwa Kivu yako karibu mita 1,460 juu ya bahari, kumbe mtu akifika kwenye kilele chao ni kama amefika tu kwenye bandari ya Bukavu. Lakini kule juu baridi ni nyingine. Upande wa Uswisi mlima umekatika wima, genge la karibu mita 200, na mahali pengi hakuna uzio. Watoto washikwe mkono. Siku ya mbingu safi unaona Alpes zote mpaka Mont Blanc.

Kijiji cha Mouthe, penye chanzo cha Doubs, kina sifa ya kuwa mahali pa baridi kuliko vijiji vyote vya Ufaransa: Januari 1968 walipima digrii 36.7 chini ya sifuri. Kiangazi ni pahali pazuri pa kula chakula ulichobeba, maji yanatoka chini ya mwamba mbele yako.

Na chakula, tusisahau. Sisi tuliozoea fromage ya Masisi tutaelewa haraka. Ng'ombe wa kule, Montbéliarde, wana mabaka mekundu na kengele shingoni. Maziwa yao yanatengeneza comté: gurudumu moja lina uzito wa kilo 40 hivi na linahitaji lita 400 za maziwa. Ngome ya kijeshi ya Saint-Antoine, iliyojengwa baada ya Ufaransa kushindwa na Waprusia mwaka 1870, haikupigana vita vya maana. Tangu 1966 imekuwa ghala la kuivisha comté, na leo magurudumu zaidi ya laki moja yanalala mahali palipojengwa kwa ajili ya askari. Unaweza kuitembelea ukiomba nafasi mapema. Ile nyingine, inayoitwa mont d'or kama mlima, inazungushiwa ganda la mti na kuuzwa kuanzia tarehe 10 Septemba mpaka 10 Mei tu. Ukienda Julai hutaipata, hata ukiomba kwa unyenyekevu.

Namna ya kufika

Kutoka Paris, treni ya TGV ya kwenda Lausanne husimama Frasne, na pale unachukua treni ndogo mpaka Pontarlier. Kutoka Besançon kuna barabara ya kilomita 60 hivi. Bila gari utafika Pontarlier na labda Joux, lakini maziwa na milima ni shida, basi afadhali familia mbili tatu zichangie gari moja. Ngome hufungwa majira ya baridi, na saa za kuingia hubadilika kulingana na msimu, kwa hiyo pigeni simu kwanza kabla ya kusafiri mbali. Ndani kuna ngazi nyingi zisizo na usawa: mama mjamzito ama mzee mwenye magoti mabaya anaweza kuona mengi uani lakini si yote. Beba koti hata Agosti.

Jambo la mwisho ni karatasi. Mpaka wa Uswisi uko dakika kumi na tano hivi kutoka ngome, na njia za miguu za Mont d'Or zinautambalia. Uswisi iko ndani ya Schengen lakini haimo katika Umoja wa Ulaya, na watu wa forodha wanafanya kazi yao barabarani na ndani ya treni. Mwenye kibali cha kukaa abebe kibali na pasipoti, vyote viwili. Mwenye récépissé tu, ama anayengojea jibu la ukimbizi, aulize kwanza kwenye prefektire kama karatasi yake inaruhusu kuvuka, na kama hairuhusu abaki upande wa ziwa. Ukiwa kwenye barabara kuu na umeshapita ngome, tafuta kibao cha Malbuisson mkono wa kuume. Ukikikosa, njia inakupeleka moja kwa moja mpakani.